Durga Asubiri Macho

Mume wangu ana huruma ya kupitiliza, na asubuhi ile nusura huruma hiyo ituvunjie ndoa.

Baba yangu hufinyanga sanamu za Durga, mungu wetu mama mwenye mikono kumi, kila mkono na silaha aliyopewa na miungu walioshindwa na zimwi. Macho huchorwa mwisho. Kabla ya macho yule ni udongo tu. Yakishachorwa, ni yeye, anakuona. Kwa hiyo fundi mkubwa hufunga kula, akaingia peke yake, akachora.

Safari hii Baba aliugua, na homa ilimwachia mikono ya kutetemeka. Nilipoingia karakana nilimkuta mume wangu mbele ya sanamu, anaosha brashi, meno yote nje.

"Nimemwonea huruma," akasema. "Wiki nzima kipofu, na mzee anaumwa. Nimemmalizia."

"Umekula?"

"Chai na mkate. Kwa nini?"

Mume wangu ni wa dini nyingine, na tangu anioe Baba humwita "yule seremala", kama mtu anayemdai mlango. Sasa neno moja tu la Baba lingemfukuza pale, nami ningelazimika kuchagua. Sikutaka kuchagua, jamani.

Baba akaingia akijishika ukutani. Alikuwa amefunga tangu jana. Akaitazama sanamu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Nani kachora?"

"Mimi, mzee. Kama nimekosea, nisamehe."

"Umekosea," Baba akasema, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Seremala, umemwacha chongo! Huyu ana macho matatu. La kushoto ni mwezi, la kulia ni jua. La tatu, la kwenye paji la uso, ni moto. Hilo ndilo linaloona kweli. Bila hilo bado hajafika." Akasogea karibu. "Haya mawili yana upole. Yangu huwa makali mno."

Nikajibwaga juu ya gunia la udongo, nikalia kwa kicheko. Mzigo niliokuwa nimeubeba tangu harusi ulinishuka wote.

Baba akachovya brashi. Mkono ukatetemeka, tone la rangi likaanguka sakafuni.

"Mwanangu, njoo."

"Naam, Baba," nikainuka mbio.

"Si wewe." Akamnyooshea seremala kiwiko. "Nishike hapa. Taratibu."