Deni la Kifaranga

Kadi ile ililetwa kazini. Vijana wawili wa benki, mashati yamepigwa pasi mpaka yamesimama, walipita kwenye kliniki ya meno saa ya chakula, wakawashawishi wenye mshahara wachukue kadi za mkopo. Mpokezi wa kliniki alikubali ili waondoke tu, maana walikuwa wamesimama mbele ya meza yake na wagonjwa wanasubiri. Kadi ilipotoka akaitia kwenye pochi, akaisahau.

Aliikumbuka mtoto wake alipovimba uso.

Alikuwa mtoto wa kike, wa miaka minne, na nyumbani walimwita Kifaranga kwa sababu hakubanduka kwa mama yake. Mama akienda uani yumo, akienda bombani yumo. Madaktari walisema ni figo. Hospitali ilitaka malipo kabla ya kumuunganisha na mashine ya kusafisha damu, na baba yake, kinyozi mwenye kibanda chake mwenyewe, alikuwa ameshakopa kwa kila mtu aliyewahi kukalia kiti chake. Ndipo kadi ikatoka kwenye pochi. Ikapita kwenye kimashine cha keshia, kikalia, risiti ikatoka. Kifaranga aliupenda mlio ule. Akaomba awe yeye wa kukabidhi kadi, na kila safari aliishika kwa mikono miwili kama amebeba yai.

Walikwenda hivyo kwa miezi. Kisha mtoto akafa, asubuhi moja ya mvua, baba yake akiwa ametoka kumnunulia maziwa.

Msiba ukapita. Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Majirani waliozoea kumwita Mama Kifaranga wakawa hawajui wamwiteje. Wengine wakasema "dada," wengine wakimwona wanavuka barabara. Kinyozi alifanya kama alivyolelewa: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Akagawa nguo za mtoto. Akakitoa kitanda kidogo chumbani. Jina la mtoto likawa halitajwi tena mle ndani. Hakulikataza, ila kila mazungumzo yakilikaribia alinyanyuka na kwenda nje.

Kilichobaki ni deni, na riba juu yake. Wakakubaliana mshahara wa mke uwe wa kodi na chakula, na kinyozi atoe fungu la kulipia kadi kila mwisho wa mwezi. Kadi ilikuwa ya mke, kwa hiyo benki alikwenda mke. Kinyozi akawa wa kwanza kufungua mtaani na wa mwisho kufunga. Aliacha sigara. Viatu vilipotoboka aliweka karatasi ngumu ndani. Mteja mmoja alimtania, "Unanyoa mtaa mzima, na kichwa chako mwenyewe ni msitu."

"Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu," alijibu, wakacheka.

Mwaka wa pili ukielekea ukingoni, aliuza pikipiki yake. Hakumwambia mkewe mpaka pesa zilipokuwa mfukoni.

"Kesho omba ruhusa kazini," alisema. "Twende tukalimalize."

Mke alikuwa anakunja nguo. Mikono ikasimama.

"Lote?"

"Kwa hesabu zangu limebaki kidogo. Pikipiki inatosha, na chenji tutapata."

"Ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize kama nilipe deni?"

Mke aliendelea kukunja shati lile lile.

Kule benki, karani, binti mpole mwenye miwani, aliwageuzia kompyuta waone wenyewe. Kinyozi alisoma, akasogea, akasoma tena. Deni lilikuwa karibu sawa na siku waliyomzika mtoto.

"Samahani, binti. Hili si letu."

"Ni lenu, baba. Mama analipa kila mwezi, hajawahi kukosa. Ila analipa kile kiwango cha chini. Hicho chote kinamezwa na riba. Deni lenyewe halitikisiki."

"Mimi natoa mara tatu ya hicho," kinyozi alisema, na hakuwa anamwambia karani.

Walitoka bila kulipa. Nje kulikuwa na ukuta mfupi karibu na mlinzi, wakakaa. Kinyozi, akitafuta aliyepewa pesa zake, alikuwa ameshampitisha kichwani shemeji yake mlevi, na baada ya shemeji akaja mwanamume asiye na sura, aliyevaa viatu vizuri.

"Ni nani?" aliuliza. "Niambie tu. Sitapiga kelele."

"Hakuna mtu."

"Pesa ziko wapi?"

"Kwenye kibubu, nyuma ya pipa la maji. Nilitoa kile cha chini tu, zilizobaki ziko zote."

Alimtazama mkewe kama mtu anayesemeshwa lugha ya wageni. Mke alikuwa anazungusha pete kidoleni.

"Ulipogawa nguo nilinyamaza," alisema. "Ulipotoa kitanda nilinyamaza. Nikasema moyoni, bado kuna kitu kimoja chake. Kila mwisho wa mwezi napanga foleni pale ndani kama mama mwingine anayekwenda kulipa ada. Nalipia mtoto wangu. Likiisha hilo sina tena cha kumfanyia."

"Nimeuza pikipiki."

"Najua."

"Nimetembea na karatasi kiatuni."

"Nilikuwa nakuona. Nilijua nakutesa, na nikaendelea. Sina cha kujitetea."

Kinyozi aliinuka akaenda zake. Alitembea mbele, mkewe akifuata kwa mbali, mpaka nyumbani. Alikitoa kibubu nyuma ya pipa, akakivunja kwa nyundo sakafuni. Noti zilimwagika, zimeviringishwa kama alivyokuwa akimkabidhi, kila fungu na mpira wake, limepungua kile cha benki tu. Alitaka kugomba. Alikuwa na maneno tayari, makali, ya riba waliyoitupa shimoni na migongo iliyouma bure. Akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa hicho.

"Alikuwa anafanyaje pale kwa keshia?"

Mke hakuelewa mara moja.

"Mtoto," alisema kinyozi. "Nilisikia watu wakisema alikuwa anapenda kulipa mwenyewe. Mimi sikuwepo hata siku moja. Nilikuwa nahangaika kutafuta pesa."

Mke akakaa chini, katikati ya vipande vya mbao. Akamweleza jinsi alivyoishika kadi, jinsi alivyonyanyuka kwa vidole vya miguu kuifikia meza, na jinsi alivyomuuliza keshia, "Leo imetosha?" Keshia alikuwa akijibu kila mara kwamba imetosha. Kinyozi alicheka kidogo, kisha kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa mikono yake yenye harufu ya poda. Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia msibani. Mkewe hakumnyamazisha.

Asubuhi walirudi benki. Za kibubu na za pikipiki zilitosha kwa shida. Laiti mke angelipa ipasavyo tangu mwanzo, wangebaki na chenji ya kununulia pikipiki nyingine kuukuu, na wote wawili walilijua hilo, wala hakuna aliyelitamka. Karani alipiga muhuri, akatabasamu.

"Hongereni. Mna rekodi nzuri, hamjawahi kuchelewa. Mkipenda tunaweza kuwaongezea kiwango cha kukopa."

"Hapana," alisema mke. "Ifungeni."

Karani akachukua mkasi. Mke akauomba aikate mwenyewe. Plastiki ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Kinyozi alinyoosha mkono kumsaidia, akaurudisha. Kadi ilikatika kwa jaribio la tatu. Karani akakusanya vipande, akavitia kwenye kikapu cha taka chini ya meza, akaita mteja mwingine.

Nyumba haikugeuka kuwa ya furaha. Kulikuwa na siku kinyozi alipotembea kwa miguu kwenye jua kali akamchukia mkewe mpaka jioni, na siku ambazo mke aliamka bila kujua anaamkia nini. Ila walianza kumtaja mtoto. Mara nyingine lilikuwa neno moja tu wakati wa kula.

Mwisho wa mwezi uliofuata, mke alitoka kliniki na miguu ikampeleka mpaka mlango wa benki kabla hajakumbuka. Mlinzi alimsalimu kwa mazoea, akamfungulia. Alisimama pale kidogo, watu wakimpita kushoto na kulia. Kisha akamshukuru mlinzi, akageuka, akaenda mpaka kibandani kwa mumewe, akakaa na wateja waliokuwa wakisubiri zamu, mpaka mumewe alipofunga.