Mnazi wa Posa

Je, wewe ungethubutu kumkataa mtu aliyekukazia macho? Asubuhi ile Kadzo alikuwa ameiona simuni picha ya Baya, mchumba wake, katika habari ya mahakama kuhusu waume waliohukumiwa kwa kuwapiga wake zao. Sasa Baya huyo alikuwa ameketi nyumbani kwa kina Kadzo, Kibarani, na kibuyu cha mnazi wa posa kiko mbele ya wazee. Kwa desturi, haunywewi mpaka binti akubali.

“Haya mwanangu, tunywe?” babake aliuliza. “Makoo yamekauka!”

Wazee wakacheka.

“Sema, mpenzi, usiwaweke wazee na kiu,” Baya alisema taratibu, bila kupepesa jicho.



“Baba,” Kadzo alisema hatimaye, “msiunywe. Simtaki.”