Pua ya Mpokea Maziwa

Mpokea maziwa alikuwa ameichoka pua yake. Tundu la kulia peke yake lilimletea harufu ya uozo asubuhi hadi usiku, na shavu la upande huo lilikuwa zito. Na kazi yake ndiyo hiyo hiyo: kufungua kopo la mfugaji, kunusa maziwa, na kukata shauri. Akiyakataa, anatia matone ya rangi ya buluu ili mtu asiyarudishe kwa ujanja. Kituo kizima cha maziwa kiliiamini pua ile.

Daktari wa pua alimpa dawa ya mafua. Aliporudi akapewa ile ile.

"Ni upande mmoja tu, daktari!"

"Vumbi hilo, dada."

Alitoka pale akifoka peke yake.

Siku hizo alikataa makopo mengi kuliko zamani. Mke wa kaka yake naye alileta maziwa.

"Wifi, haya yameharibika."

"Nimekamua sasa hivi, bado yana joto! Nusa tena."

Akanusa tena. Uozo. Ampendelee ndugu mbele ya foleni nzima? Thubutu. Akatia buluu. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka wifi akaacha kuja.

Alikwenda kwa daktari wa meno kusafishwa meno tu. Yule akaligonga gego la juu lililozibwa zamani, akalipiga picha.

"Hili limeoza mzizini. Usaha unapanda kwenye uwazi ulio ndani ya shavu, kisha unashukia puani."

"Mbona haliumi?"

"Limeshakufa, mama. Litaumaje?"

Alitamani kumrushia mtu kiti. Miezi yote hiyo alikuwa akijinusa mwenyewe!

Jino likang'olewa, akameza dawa, harufu ikakoma. Hapo hapo akafunga safari kwenda kwa wifi yake. Alimkuta anafagia.

"Wifi, nisamehe. Maziwa yako hayakuwa na kasoro. Lilikuwa jino langu."

Wifi hakuacha kufagia.

"Nilibadilisha malisho. Nikamwita daktari wa mifugo, akasema ng'ombe mzima. Nikambishia, nikamwambia wifi yangu hakosei."

"Ng'ombe yuko wapi sasa? Kesho lete maziwa, nitayapokea mwenyewe."

"Nilimpa mchinjaji," wifi alisema. "Nani angenunua ng'ombe wa maziwa yanayonuka?"

Mpokea maziwa alisimama mlangoni, hajui aingie au aondoke. Ndani, watoto wa kaka yake walikuwa wakinywa chai isiyo na maziwa.