Kahawa kwa Jina la Njura

Watu wa kwetu hupanda kahawa na kunywa chai. Usiniulize kwa nini. Nina shangazi waliochuma kahawa maisha yao yote, na ukiwapa kikombe chake wanakunja uso kana kwamba umewanywesha dawa ya ng'ombe. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Kibirichia, nimelelewa kwa viazi na chai ya maziwa, na kama singeolewa na Njura ningezeeka bila kujua ladha ya kahawa.

Njura alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa viwandani. Kampuni ikimhamisha, tulihama. Alikuwa na sharti moja tu: hatufungui mzigo hata mmoja kabla hatujapata mkahawa wetu. Hakutaka zile hoteli kubwa ambazo ziko kila mji. Alitaka mahali padogo ambapo mwenyewe anasimama nyuma ya kaunta na anajua kahawa imetoka shamba gani. Chuka tulipata mmoja nyuma ya duka la vyuma, wenye viti vya plastiki na kahawa kali ya kukutoa machozi. Mwenyewe, mzee Gachoki, alituuliza kila wiki kama kweli tumeoana, maana hajawahi kuona mtu na mkewe wakicheka hivyo. Embu tulipata ule wa orofani, karibu na uwanja wa michezo, na huo ndio nilioupenda kuliko yote. Nimeupenda hadi leo na siwezi kuukanyaga.

Pale Embu walikuwa na mtindo wa kuita majina. Unaagiza, unasema jina lako, unakwenda kukaa, kisha kahawa ikiwa tayari wanakuita uje uichukue. Sasa wewe fikiria: Njura hakuitika. Msichana angeita "Njura!" na mume wangu angebaki ametulia kama hajasikia, mpaka aitwe tena. Ndipo angeinuka. Wale wasichana waliamini ni kiziwi, wakawa wanamwonyesha kikombe kwa mkono.

"Mama yetu alitukataza," aliniambia. "Ukiitwa mara moja, nyamaza. Hujui ni nani anakuita. Mtu mzima mwenye uhai wake ataita tena."

Kwao ni Ishiara, na huko wengi wamelelewa hivyo. Hata kwetu nilikuwa nimelisikia jambo hilo, lakini kwa watoto. Mwanamume mwenye diploma kumwogopa msichana wa kahawa! Nilimcheka mpaka akanuna.

Pikipiki ilimwangusha kwenye matope ya Kibugu, masika, akitoka kiwandani. Nilikuwa na mimba yake. Tulimzika Ishiara juani, katika ule udongo mwekundu mkavu, na nilisimama pale nimemkasirikia sana. Nilimkasirikia kwa kupanda pikipiki siku ya mvua, na kwa kuniacha na mtoto tumboni na mji mzima uliojaa yeye. Bado nina hasira hiyo.

Nikaukimbia Embu. Nilipata kazi Meru mjini, katika ofisi ya kampuni ya mbegu, nikapanga nyumba Makutano, na mtoto akazaliwa huko, mvulana. Siku ileile niliyohamia, kabla sijafungua mzigo, nilikwenda kutafuta mkahawa, kwa mazoea tu. Niliupata kwenye mteremko wa kuingia mjini. Ulikuwa na meza chache, mlango wa kioo usiofunga vizuri na mashine inayokoroma. Ni mahali ambapo Njura hakuwahi kufika.

"Jina?" akauliza msichana wa kaunta. Yeye anaitwa Joyline.

Nilifungua kinywa kusema Karimi, likatoka Njura.

Nikaenda kukaa. Baada ya muda mfupi Joyline akaita kwa sauti, mbele ya watu wote, "Njura!" Hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina hilo mbele yangu tangu mazishi. Watu humwogopa mjane. Humwambia "pole na yule mzee", humwambia "marehemu". Na hapa msichana asiyenijua alikuwa anamwita mume wangu aje achukue kahawa yake. Sikuinuka. Nilingoja aite tena, kama Njura angengoja, ndipo nikaenda kuichukua.

Nikawa naenda kila Jumamosi. Naagiza kahawa nyeusi, nasema Njura, nakaa karibu na mlango, nasikiliza. Joyline alinizoea akawa ananitania, "Sister, hii jina yako ni ya kiume, na unaitwa mpaka mara mbili. Kwani uko na masikio ya kukodisha?" Nilicheka, sikumweleza. Niliona aibu, lakini pia ilikuwa ndiyo furaha yangu ya wiki.

Wakati huohuo kulikuwa na vita vya jina la mtoto. Kwa mila ya kwao, mvulana wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba, na babu yuko hai, anaitwa Ireri. Mimi nilitaka Njura. Mama mkwe wangu, Ciakuthii, alinipigia simu tena na tena. "Lete mtoto apewe jina." Nikamwambia ana homa, nikamwambia barabara ni mbovu, nikamwambia nina kazi. Ofisini, kwa kuwa mtoto hakuwa na jina, wakaniita Mama Baby. Nikiwa peke yangu na mtoto nilimwita Njura, nikimnyonyesha Njura, nikimwogesha Njura, na yeye akinitazama tu.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba Ciakuthii hakulitaja jina la mwanawe hata siku moja. Alisema "baba wa mtoto", alisema "yule wetu". Nikasema moyoni, huyu mama ana roho ngumu, ameshamsahau.

Jumamosi moja nilimbeba mtoto nikaenda naye. Kulikuwa na baridi ya Julai na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Tulikuwa wateja wachache. Niliagiza, nikasema jina, nikakaa mahali pangu na mtoto magotini. Kiti cha mbele yangu, kilichoupa mlango mgongo, kilikuwa kitupu.

"Njura!" Joyline akaita.

"Niko," sauti ikajibu.

Ilitoka kwenye kile kiti. Ilikuwa ya mwanamume, ya chini, na ilijibu haraka, jina halijaisha vizuri mdomoni mwa Joyline. Niliijua sauti ile jinsi ninavyoujua mkono wangu. Joyline akainua shingo kutafuta. "Ni nani amesema yuko? Njoo basi, itapoa!" Hakuna aliyeinuka. Mtoto wangu alikuwa amekigeukia kile kiti, amenyoosha mikono yote miwili, anacheka.

Sikuchukua kahawa. Niliondoka nikiwa nimemkumbatia mtoto mpaka akalia. Njiani kichwa changu kilikuwa kinazunguka jambo moja tu: Njura hakuitika mara ya kwanza hata siku moja maishani mwake. Basi aliyeitika hakuwa yeye. Kitu fulani kilikuwa kimeazima sauti yake, na mimi, mjinga, nilikuwa nimekiita wiki baada ya wiki, na jina hilohilo nilikuwa nikimpa mwanangu.

Kesho yake tulikuwa Ishiara.

Ciakuthii alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa sare ya kina mama. Alimpokea mtoto kabla hajanisalimu. Mzee Ireri alileta kiti, akaniambia karibu, akarudi kwa mbuzi wake; ni mtu wa maneno machache. Niliketi sebuleni nikamweleza mama mkwe kila kitu, kuanzia siku ya kwanza kule kaunta. Nilitarajia anigombeze au aseme tuombe. Alisikiliza akimpapasa mtoto mgongoni.

"Amesema nini?" akauliza. "Sema vile alisema."

"Amesema 'niko'. Mara ya kwanza tu, Mama. Ndiyo maana najua si yeye. Yeye hakuwa anaitika mara ya kwanza."

"Hakuwa, akiwa hai," akasema. "Karimi, unafikiri mimi niliwakataza watoto kuitika haraka juu ya nini? Ile ya kutojua ni nani anaita ilikuwa nusu tu. Mtu aliye hai ako na mambo yake. Ako na kazi, ako na njaa, anaongea na watu. Ukimwita ni lazima kwanza aache hizo. Mtu amekufa hana kitu ingine. Anangoja tu aitwe. Ukimwita mara moja, ameshaitika. Hivyo ndivyo mnawatofautisha."

Nilihisi baridi ileile ya Meru, katika joto lile la Ishiara.

"Ni yeye," nikasema.

"Ni yeye. Kutoka hapa mpaka huko ni mbali, ndiyo wiki zile zingine hukumsikia. Umemtoa hapa tulimlaza, umemwita kwa mji hajui, kwa kiti ya watu, anangoja kila wiki mpaka umwite tena. Unamchosha. Na kanisani ninaenda, usinitazame hivyo."

"Na wewe, Mama? Wewe hata humtaji. Nilidhani umemsahau."

Nilisema kwa ukali, nikajuta. Uso wake haukubadilika, lakini mkono uliokuwa ukimpapasa mtoto ulisimama.

"Mimi nilimzaa," akasema. "Kila asubuhi nikiweka chai kwa moto, hiyo jina inakuja mpaka hapa." Akajigusa meno. "Najua nikiifungulia ataitika. Nitamsikia. Unafikiri sitaki kumsikia? Ninameza. Tangu tumzike, ninameza, ndiyo alale."

Hasira yote niliyokuwa nimemwekea mama huyu ilinitoka, na palipobaki pakauma zaidi.

"Jina haipotei," akaendelea, sasa kwa upole. "Huyu akikua apate kijana wake, huyo kijana ataitwa yeye. Hapo mtaita vile mnataka, na kutakuwa na mtu wa kuitika mwenye damu. Lakini saa hii nataka unijibu. Mtoto anaitwa nani?"

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa na paji la uso la baba yake, na ile tabia yake ya kukunja midomo kabla ya kucheka. Nilijua nikisema jina moja, nitampa baba yake kazi ya kuitika mpaka sisi sote tufe. Nikisema jingine, nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu.

"Ireri," nikasema.

Ciakuthii alipiga vigelegele. Akamnyanyua mtoto juu. "Bwana yangu! Umekuja bila hata kunipigia simu?" Hivyo ndivyo mama wa huko humwita mjukuu aliyechukua jina la mumewe. Kule nje mzee alisikia, akaacha mbuzi, akaja akipangusa mikono kwenye suruali. "Mama Ireri," akaniambia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha wakatoka naye uani kumwonyesha majirani.

Nikabaki sebuleni peke yangu. Nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa chumba alicholala mume wangu utotoni ulikuwa wazi, na nje jua la saa saba lilikuwa kali. Nilijua, jinsi ninavyojua kwamba ninapumua, kuwa nikilitaja jina lake hata kwa kunong'ona angeniitikia kabla sijafunga mdomo, kwa sauti yake mwenyewe, karibu kabisa na mimi. Jina lilinijaa kinywani. Nilikiziba kwa viganja viwili na kulia hivyohivyo, bila kumwita.