Mnyonya Damu wa Musinzira

Anisia alikichukia kile kitabu, alichukia hata harufu yake. Kilikuwa kimeng'oka jalada, hakuna aliyejua kiliandikwa na nani, na Anisia alisema ni afadhali hivyo, maana angemjua mwandishi angemfuata mpaka kwake akamuulize vizuri. Hata hivyo alikisoma. Alikisoma akilinda maharage uani yasidonolewe na kuku, akakisoma akingoja sufuria ichemke, na alipofika mwisho alisonya, akarudi mwanzo, akaanza tena.

Kililetwa na Happy, mdogo wake, alipokuja mapumziko kutoka Muyinga alikokuwa akijifunza ushonaji kwa mama Kulthumu. Pale dukani vitabu vya Kiswahili huletwa na watu wa malori kutoka Tanzania, vikapita mkono kwa mkono, kila msichana akikitoa chake kimelegea zaidi kuliko alivyokipokea. Hiki kilimhusu mwanamume mnyonya damu. Ameishi miaka mia na ushee, hazeeki, hafi, hali chakula cha watu, na jua likiwaka humwoni. Anampenda msichana wa shule. Damu ya msichana inamnukia vizuri kupita damu ya mtu mwingine yeyote, anatamani kumuuma shingoni, lakini anajizuia. Huko kujizuia ndiko walikokuita mapenzi.

"Anajizuia," Anisia alijisemea huku akimfukuza kuku kwa mguu. "Basi apewe zawadi."

Tangu lini mtu akasifiwa kwa kuwa hajaua? Anisia aliwahi kuwaona watu walioshindwa kujizuia. Ndio waliomfanya avuke mpaka kuingia Tanzania akiwa na miaka kumi na mitatu, Happy mgongoni, kichanga hata shingo haijakaza. Mama yao alifia kwenye kambi ya wakimbizi Kasulu kabla Happy hajaota meno. Tangu hapo Anisia ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamsimamia shule, na wanaume waliomtaka Anisia mwenyewe aliwaambia wangoje mtoto akue kwanza. Hawakungoja. Happy alimwita dada, watu wote walimwita dada yake Happy, naye hakuwahi kudai jina lingine. Kambi ilipofungwa walirudi wawili hivyo hivyo, wakaja Nyarusange, upande wa Gitega, kwenye kilima cha marehemu baba yao.

Na lile la dirishani ndilo lililomtia wazimu. Mnyonya damu huingia chumbani kwa msichana kupitia dirishani, akakaa kumtazama amelala mpaka kunakucha, na msichana akija kujua anafurahi. Anafurahi! Kambini walikuwapo wanaume wa aina hiyo, kazi yao kuzungukazunguka mahema ya watu, na Anisia alikuwa akilala mlangoni, mchi kando ya kichwa chake. Wale hakuna aliyewaita wapenzi. Walitajwa kwa majina yao, wakala mchi.

Halafu mama wa yule msichana. Yumo kurasa za mwanzo, anapika, anauliza mtoto anarudi saa ngapi, kisha mwandishi anamsahau kabisa. Msichana anaponea chupuchupu kila baada ya kurasa chache, na hakuna hata mmoja mle ndani anayejiuliza mama yake analalaje. Hapo Anisia alitaka kukitupa kitabu motoni. Hakukitupa, kwa sababu alikuwa hajaona kama wale wawili wangefika salama kwenye mlima waliokuwa wakiukimbilia.

"Dada, ni hadithi tu," Happy alimwambia huku akicheka. "Wewe ndiye umekishika kutwa, mimi nilishamaliza."

"Nakisoma nijue unachofundishwa."

"Nafundishwa kushona."

Ndipo akaja Urbano. Kwao ni Muyinga, Happy alimfahamu huko huko, na alipopata kazi ya kuoka mikate Musinzira, pale Gitega mjini, kufika Nyarusange kukawa si shida. Alioka usiku, akalala mchana, akaja jioni giza likianza kuingia, nyusi zake zina unga ambao hakuuona kwenye kioo. Sauti yake ilikuwa ndogo, macho yake chini. Alileta mkate kila alipokuja. Na kila alipokuja Anisia alimpikia, ugali wa muhogo na maharage, mboga za lengalenga, na vidagaa, ndagala, zilipopatikana, naye Urbano alisukuma sahani taratibu na kusema, "Asante sana, mi iko sawa."

Alikuwa sawa vipi mtu aliyetembea mlima mzima? Kule walikokulia, anayekukuta unakula unamwambia karibu, naye anakaribia, hata kama ni tonge moja la adabu. Anayekataa ama ana kinyongo na wewe ama anakiogopa chakula chako. Na hapo kilimani hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Majirani waliolima shamba la baba yao miaka yote ile walilirudisha kwa shingo upande, wakawaita wao Watanzania, na salamu zao zilikuwa fupi. Mambo ambayo mtoto wa Burundi anaambiwa na bibi yake, Anisia na Happy hawakuwa na wa kuwaambia.

"Hali, dada," Happy alinong'ona jikoni, anajizuia kucheka. "Umeona? Hali kabisa. Na anakuja jua likizama. Nimepata wa kwangu."

Alikuwa anatania. Anisia alilijua hilo, na bado akachungulia kumtazama Urbano tena. Hakuamini wanyonya damu, si mjinga. Lakini kitabu kilikuwa kimemfundisha dalili, na mtu akishafundishwa dalili haachi kuziona. Mpole kupita kiasi. Hakutazami usoni. Analeta, hapokei. Mwanamume anayetoa tu bila kupokea anangoja kuchukua kitu kikubwa zaidi, Anisia alijiambia, na alijiambia kwamba hayo ameyajua kwa kuishi. Uongo. Aliyasoma katikati ya kitabu, pale msichana anapopewa mkufu.

Siku aliposikia kwamba ndugu wa Urbano wa Muyinga wanajiandaa kuja kumposa Happy, Anisia alichinja kuku. Alimpika kwa nyanya na kitunguu, akaweka paja mbele ya Urbano, akaketi kumwelekea.

"Kula."

"Asante, mi iko sawa."

"Sikuulizi kama uko sawa. Nakuambia kula."

Urbano akatazama sakafu. Happy akasema, "Dada," kwa sauti ya chini.

"Unaogopa nini?" Anisia akaendelea, na sasa hakuweza kusimama. "Nimetia sumu? Asiyekula cha watu ana chake anachokingojea. Unamngojea huyu? Wanaume kama wewe niliwaona kambini, wanakuja na vizawadi, wanaongea kama wagonjwa, kumbe wana lao. Nilikuwa nalala na mchi kwa ajili yao. Ukishamchukua huko Muyinga utamfanya nini, nani atakuona?"

Urbano akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale alimtazama usoni, na Anisia aliona kijana aliyechoka, macho mekundu ya kukesha kwenye tanuri.

"Bon, sawa," alisema. "Mi nimesikia." Akatoka.

Happy hakulia mbele yake. Kulipokucha alifunga nguo zake, akarudi Muyinga kwa mama Kulthumu bila kuaga. Nyumba ikawa kimya. Anisia alikaa siku chache akilima kwa hasira, kisha akatia kitabu kwenye mkoba na kupanda gari la Muyinga kupitia Karusi. Alikusudia mambo mawili: kumtupia Kulthumu uchafu wake, na kumwambia mama yake Urbano amzuie mwanawe.

Alianza na la pili. Mama yake Urbano aliitwa Klara, anauza unga karibu na soko, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kimechanganyika na Kifaransa. Aliposikia mgeni ni nani aliacha mizani, akamshika mikono yote miwili, akamwingiza ndani na kumkalisha kwenye kiti chenye kitambaa. Anisia hakutaka kukaa vizuri. Alikaa ukingoni.

"Mama, nimekuja kwa ubaya, nisije nikakudanganya," alisema. "Mwanao anakuja kwangu, napika, hali. Kila siku hali. Hanitazami. Mtu wa namna hiyo siwezi kumpa mdogo wangu."

Klara akamkodolea macho, kisha akakaa chini polepole. "Mais atakula namna gani? We iko mama mkwe wake."

"Mimi ni dada."

"Ni hivyo baba yake alimwambia. Alisema, yule ni dada, kula tu, unatesekea nini? Urbano akakataa. Akasema Happy amebebwa na huyu, amelishwa na huyu, donc mama ni huyu." Klara alipangusa unga kiganjani. "Huku kwetu kijana hatafuni mbele ya mama mkwe. Hamtazami kwenye macho. Mpaka mke wake amezaa ndiyo anaanza kula kwa mkwe. Ni heshima, nani anaenda kumpa dada tu? Dada, kijana anakulaga naye, anacheka naye. Mama ndiye tunamfichia mdomo."

Anisia akajirudisha nyuma kwenye kiti.

"Alikuwa anatoka kwako na njaa, anaingia kazi na njaa," Klara aliendelea, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililouma. "Anasema kule kwenu chakula iko na harufu nzuri, mi nakaa nameza mate. Ile siku ya kuku alifikiri unamjaribu kama anaweza kuvumilia."

Anisia aliona aibu. Kuna mtu mmoja katika dunia hii aliyemhesabu kuwa mama, bila kuombwa, akalilipia hilo kwa njaa yake mwenyewe, na yeye akamfananisha na wale wanaume wa mahemani. Happy alikisoma kile kitabu akacheka, akakiweka chini. Yeye aliyekitukana kila ukurasa ndiye aliyekiamini.

Alipofika dukani kwa Kulthumu hakumtupia mtu kitu. Alikiweka kitabu mezani, akamtafuta Happy, akamkuta kwenye cherehani, mguu hausimami.

"Nimetoka kwa Klara," alisema. "Nilikosea."

"Usiniambie mimi," Happy alijibu bila kuinua kichwa. "Si mimi uliyenitukana."

Basi akarudi Gitega, na akashuka Musinzira kabla ya kwenda nyumbani. Ilikuwa alasiri, kazi ya usiku inaanza kupangwa. Urbano alikuwa kwenye meza ndefu, mikono imezama kwenye unga uliokandwa mpaka viwiko, na nyuma yake mikate ya mchana imepangwa inapoa. Alipomwona alijitoa kwenye unga, akajipangusa kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nimetoka kwa mama yako," Anisia alisema. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa yalikuwa yamepotea. "Sikujua. Wallahi, hatukulelewa huku, hakuna aliyeniambia. Ningejua ningekugeuzia mgongo, ule kwa raha zako. Nisamehe, mwanangu."

Neno hilo la mwisho hakuwahi kumwambia mtu, hata Happy. Lilitoka kama kitu cha kuazima.

"Nimesamehe," Urbano alisema, na ilionekana anasema kweli. Sauti yake haikuwa ndogo tena, ilikuwa sauti ya kawaida ya mtu kazini. "Happy tumeongea naye kwa simu. Watu wa kwetu watakuja, ni vile vile. We usiogope. Harusi iko."

"Asante. Asante sana."

"Hakuna shida."

Alimtazama. Alimtazama usoni, sawasawa, bila haraka, kama anavyotazamwa mteja au jirani. Anisia alisubiri macho yale yashuke, hayakushuka. Kisha Urbano akageuka, akachukua mkate mmoja uliokuwa bado na joto, akaumega katikati. Nusu moja akaing'ata pale pale, mbele yake, akatafuna mdomo wazi kidogo kwa sababu ya moto, akameza. Nusu nyingine akamnyooshea.

"Karibu, dada," alisema.

Anisia akakumbuka kwamba mama ndiye anayefichiwa mdomo, akapokea. Wakala wamesimama, wanatazamana, na mkate ulikuwa mtamu.