Maji Pande Zote

Mume wangu Isakwisa alikuwa karani, na karani hata akiota ndoto huigawa mafungu. Mwezi wa tano mwaka 1976, baridi ya Sumbawanga ilipoanza kupenya chini ya mlango, alirudi kazini na karatasi ndefu yenye mistari. Alisogeza kiti karibu na jiko la mkaa, akaandika juu kwa herufi kubwa: MPANGO WA LIKIZO, KISIWANI.

"Kisiwa gani tena?" nikamuuliza.

"Kipo kimoja kidogo ziwani, mbele ya Kirando. Wanasema mwezi wa saba watu wa kule wanalala nje bila shuka."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Sisi tulikuwa Wanyakyusa wa Rungwe, tumeletwa Ufipa na kazi ya serikali, na mtumishi akipata likizo huenda kwao. Hayo hayakuhitaji kuandikwa popote. Unafunga mizigo, unanunua vitenge vya mama na shuka la baba, unapanda basi. Ni kweli kwetu mwezi wa saba kuna ukungu na manyunyu, kwa hiyo tulikuwa tunatoka kwenye baridi kavu kwenda kwenye baridi ya maji. Lakini nani aliwahi kuacha kwenda kwao kwa sababu ya baridi?

Mimi, nikisema ukweli, ningeacha kwa sababu nyingine. Tulikuwa na miaka saba ya ndoa na sikuwa nimezaa. Wenzetu pale kota walikuwa Mama Fulani na Baba Fulani. Sisi tulibaki na majina yetu ya ubatizo, basi nikawa namwita Ndugu Karani kwa utani. Kila tulipofika Rungwe, kabla mama mkwe hajanipokea mzigo, macho yake yalishuka kwenye tumbo langu, yakapumzika hapo kidogo, ndipo yakapanda usoni kunisalimia.

Mwaka ule barua yake ilitangulia. Niliikuta kwenye mfuko wa shati la Isakwisa nikitaka kulifua. Aliyemwandikia alikuwa mtoto wa shule, maana herufi zilikuwa za duara: "Likizo hii mje mapema. Wazee wamepanga kikao. Binti wa jirani amemaliza darasa la saba, ana adabu, na mama yake alizaa tisa."

Niliirudisha mfukoni na shati sikulifua.

Sasa fikiria hasira yangu. Wewe umeshikwa koo na wakwe, na mumeo jioni anakaa jikoni anapanga kisiwa. Namba moja: lori la dagaa hupanda Sumbawanga Alhamisi, Ijumaa hushuka tupu, tutashuka nalo. Namba mbili: malazi, ghala la Bwana Clemens, mvuvi. Namba tatu: unga wa ulezi na maharage, maana samaki wapo kule kule. Namba nne: masweta, yaachwe. Namba tano: maji pande zote. Hapo akapiga mstari chini mara mbili, akaandika pembeni, "Muhimu."

"Umeona wapi kisiwa chenye maji upande mmoja?" nikamtania, ingawa moyoni sikuwa na utani.

"Iache hiyo namba tano, Atusaye."

Ofisini nako walimshangaa. Mkuu wake, Ndugu Beda, Mfipa mmoja mcheshi, alimwita na fomu ya likizo mkononi. Pale pa kuandika mahali mtumishi atakapokuwa, mume wangu alikuwa ameandika kisiwa, siku zote ishirini na nane.

"Ndugu Isakwisa, kisiwani una nani?"

"Kuna joto, mkuu."

"Joto si ndugu!" akasema Beda, na ofisi nzima ikacheka. Akatia saini, lakini akamwambia nauli ya serikali ni ya kwenda kwao, ya kwenda kuota jua ajitegemee. Isakwisa alinisimulia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa huku akifuta namba moja na kuiandika upya, kwa sababu lori lilikuwa limebadili siku.

Usiku ule uvumilivu uliniishia. Nikamwambia barua nimeisoma, na kwamba najua anachofanya. Mbuzi wa Krismasi naye hulishwa vizuri. Ananipeleka ziwani nikanenepe na nifurahi, kisha aniletee mwenzangu.

Isakwisa hakuwa mtu wa maneno. Maneno yote aliyatumia kwenye mafaili.

"Tukifika utaona," akasema. "Kuna unga wa kutosha?"

Nilimpa mgongo mpaka asubuhi.

Tuliondoka mwanzo wa mwezi wa saba. Lori lilinuka dagaa hata lilipokuwa tupu, na pale juu upepo ulitukata masikio. Lakini barabara ilipoanza kuteremka kuelekea ziwani, nilivua sweta la kwanza. Mbele kidogo nikavua la pili. Isakwisa aliniangalia akasema, "Namba nne," na nikajikuta nimecheka kabla sijakumbuka kwamba nimenuna.

Kirando tulimkuta Bwana Clemens na mtumbwi wake. Akatupokea mizigo, akauliza kwa adabu, "Poleni. Msiba ni wa nani?"

"Hakuna msiba."

"Basi mmemfuata nani?"

"Hatuna mtu," akajibu Isakwisa.

Clemens alitazama miwani ya mume wangu na ile karatasi iliyochungulia mfukoni, uso ukambadilika. Ilikuwa ni miaka ile ya watu kuhamishiwa vijijini, na mtu mwenye miwani na karatasi alikuwa na maana moja tu. Ilibidi mume wangu aifungue karatasi amsomee mpaka namba ya tano, ndipo yule mzee akasadiki kwamba hatukuja kuhesabu kaya.

Tukaingia mtumbwini. Ziwa lilikuwa limetulia, na bado Isakwisa alishika ukingo kwa mikono miwili, macho ameyafumba, jasho likimtoka. Nilimgusa.

"Unaumwa?"

"Naogopa maji."

"Tangu lini?"

"Tangu utoto. Kwetu wote tunaogopa. Mama hata daraja la miti pale mtoni havuki. Huzunguka nusu siku."

"Sasa wewe kisiwa cha nini?"

Hakufumbua macho. "Kikao kinanitaka mimi, na mimi nina likizo hii tu. Ningebaki Sumbawanga, wangepanda basi kunifuata. Huku wakinitaka lazima wavuke maji. Hakuna wa kwetu atakayevuka."

Clemens alikuwa anapiga kasia, akijifanya hasikii. Nilihamia upande wa mume wangu, mtumbwi ukayumba, akapiga kelele kama mtoto. Nikamshika kiuno mpaka tulipofika, na sikuona aibu kulia mbele ya mtu nisiyemjua.

Tulikaa siku ishirini na nane. Tulilala nje bila shuka. Isakwisa hakugusa ziwa hata kwa kidole cha mguu. Alioga kwa ndoo, mbali, na watoto wa kule wakaenda kumtazama kila jioni. Likizo iliyofuata tulikwenda Rungwe kama watu. Yule binti alikuwa ameshaolewa na mwalimu, na kikao hakikutajwa tena mbele yangu.

Mtoto hatukupata, kisiwani wala kwingine. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia hadithi hii hungojea mtoto mwishoni. Nilipata Isakwisa, na nilikaa naye miaka thelathini na moja zaidi.

Sasa niko peke yangu hapa Sumbawanga. Mwezi wa tano baridi ikianza kupita chini ya mlango, nawasha jiko, naitoa ile karatasi, na naanza kuisoma kutoka namba moja. Imechanika kwenye mikunjo na wino umefifia. Ile mistari miwili chini ya namba tano aliikandamiza sana kwa kalamu. Hata nikifumba macho naipapasa kwa kidole, naiona.