Mama Mkwe Mbele ya Eksirei

Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei, na kutwa nzima nasema maneno yale yale: vuta hewa, zuia, usitikisike, haya pumua. Mafundi wa kazi hii tuna kilema kimoja ambacho hatukufundishwa chuoni: mgonjwa akizuia pumzi, nasi tunazuia.

Asubuhi hiyo aliyeingia na karatasi ya daktari alikuwa mama wa mchumba wangu, mwalimu mstaafu wa baiolojia. Posa yangu ilikuwa mikononi mwake mwezi wa tatu sasa, bila jibu. Kila nilipokwenda kwao nilikaa kimya kama nguzo, nikaondoka. Leo kikohozi kilikuwa kimemleta kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fanya kazi yako."

Nikamsimamisha mbele ya bamba la kunasia picha, kidevu juu, mabega mbele, nikakimbilia nyuma ya kioo. "Vuta hewa, mama. Zuia." Akavuta. Nami nikavuta. Nikabonyeza. Mashine kimya.

Nikabonyeza tena, kimya. Kumwambia apumue ilikuwa kukiri kwamba nimeshindwa, nami nilitaka anione fundi. Nikazidi kubonyeza. Masikio yakavuma, na nyota nikaziona mchana kweupe.

"Kijana, mimi nilishapumua zamani. Wewe unangoja nini?"

Hewa ikanitoka yote kwa mkupuo, nikajikuta nimekaa sakafuni. Akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, darasa likaanza.

"Kilichokutesa si kukosa hewa safi, ni hewa chafu iliyojaa kwenye damu. Ubongo ukiihisi, unauamuru msuli ulio chini ya mapafu ushuke, kifua kitanuke, hewa iingie, upende usipende. Unashindana na ubongo wako mwenyewe kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili yako, mama." Sikuwa na nguvu za kudanganya. "Nakuogopa."

Akatazama ukutani. "Na ile swichi kubwa, kawaida huwa imezimwa?"

Nilikuwa nimeizima mwenyewe alipoingia, kwa kiherehere. Natamani ningesema ni hitilafu ya umeme.

Nikaiwasha, tukarudia. Safari hii yeye ndiye aliyetoa amri kutoka kwenye bamba: "Navuta. Nazuia. Bonyeza. Napumua, na wewe pumua." Picha ikatoka safi. Nilimwambia sioni doa, ila mwenye kauli ni daktari.

Akajifunga mtandio wake, akafika mlangoni, akageuka.

"Miezi mitatu nilidhani una kiburi. Kumbe ni woga tu. Njoo Jumapili na wazazi wako. Na ukifika, uongee. Sauti ni hewa ile ile unayoitoa, hutaongezewa gharama."

"Sawa, mama," nilisema, na wenzangu wa mapokezi, kule mwisho wa korido, wanaapa kwamba walinisikia.